Barua ya Kuchanwa

12 Februari

Wifi,

Tumepewa dakika kumi na tano na tumeambiwa kalamu isisimame. Mwalimu wa mazoezi hapa hospitali anataka kila mmoja wetu amwandikie mtu aliyemkaa rohoni, aseme yote, na akifika nyumbani aichane karatasi. Wenzangu wanakuna vichwa wakitafuta wa kumwandikia. Mimi sikutafuta. Ni wewe.

Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike kaka yako, mume wangu. Siku ile mimi nimekaa chini, wewe umesimama mlangoni, ukasema watu wote wakasikia: "Kaka yangu ameuawa na kazi, na mwenye kazi ni huyo hapo. Hata Jumapili hakumpumzisha." Hakuna aliyekukatiza. Mama yako aliinamisha kichwa. Mimi nikanyamaza kwa sababu mfiwa hajibizani na watu, na tangu hapo nafasi ya kujibu sikuipata.

Sasa najibu. Karakana ilikuwa yetu wawili. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka mota, kuing'oa shaba iliyoungua na kuzungusha waya mpya, na mwaka wa tatu nilikuwa namshinda kwa zile ndogo za feni, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Asubuhi ya siku aliyokufa alikunywa chai niliyoipika mimi. Sikumtuma popote. Wewe hukuwepo. Ulifika na gauni jeusi lililopigwa pasi na maneno uliyokwisha kuyapanga njiani.

Na vidole vyenyewe, kama unataka kujua, vimevimba. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kuamka mikono imekakamaa kama glavu iliyokaukiwa na vanishi. Daktari anasema ni baridi yabisi, ile ambayo mwili unajishambulia wenyewe, wala si ya uzee. Nina miaka arobaini na mmoja. Watu wako wakisikia watasema nimelipwa. Waseme.

Mwalimu anasema muda umekwisha. Mimi bado sijaisha.

Mke wa kaka yako


3 Machi

Kwako wifi,

Salamu nyingi. Natumai barua hii itakukuta salama. Mimi ni mzima, mama naye hajambo isipokuwa masikio, ambayo siku hizi husikia anachotaka tu. Nakala ya cheti cha marehemu nimeipata, ahsante.

Katika bahasha hiyohiyo nimekuta na barua. Niliisoma kazini, na foleni ya wazazi mbele ya meza yangu. Mwaka wa ishirini na sita huu niko karani wa shule, nimepokea barua za kila namna, za wazazi wenye hasira hazihesabiki, lakini hata wao huanza na salamu. Barua yenyewe inasema ichanwe, nami imenifikia nzima. Sijui niitendee nini. Kwa sasa nimeifungia kwenye droo.

Niliyoyasema siku ya maziko niliyasema nikiwa na msiba. Msiba hauchagui maneno. Sina zaidi ya hapo.

Kuhusu ugonjwa, hakuna aliyenieleza. Pole. Mwenzangu wa ofisini anasema maradhi hayo huletwa na mawazo, kwamba mtu akiacha kuweka vitu moyoni yanaondoka yenyewe. Mimi si daktari, nakufikishia tu.

Mama hajui kama umeandika.

Wifi yako,
Karani


20 Machi

Wifi Karani,

Salamu kwanza, nisije nikasemwa tena. Hujambo? Mama hajambo? Mimi sijambo kuanzia saa nne asubuhi. Kabla ya hapo usiniulize.

Barua ile iliponyoka. Niliiweka mezani pamoja na nakala ya cheti, nikakusanya vyote kwa pamoja nikatia kwenye bahasha. Mikono yangu siku hizi haitofautishi karatasi moja na mbili. Niwie radhi.

Huyo mwenzako wa ofisini mwambie mawazo hayavimbishi kidole mpaka pete ikatwe kwa msumeno. Yangu ilikatwa Desemba na fundi wa jirani, huku nimeuweka mkono kwenye meza yetu ya kazi. Damu yangu imepimwa, picha za mifupa zimepigwa. Nimepewa vidonge vya kila Jumatatu ambavyo hunitapisha kila Jumanne. Hayo si mawazo.

Lakini tusidanganyane, mawazo nayo yamo. Ndiyo maana daktari akanipeleka kwa huyu mwalimu. Tunakutana Jumatano kwenye chumba kinamohifadhiwa magongo ya kutembelea, watu watano kwenye viti vya plastiki. Mwalimu ni mtu mfupi, anaongea kana kwamba uko ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza alituambia tufumbe macho, tuvute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kisha tuupitie mwili kuanzia vidole vya miguu kwenda juu, kila kiungo tukisikilize bila kukigombeza. Kisha tuone kama maji ya uvuguvugu yanateremka kutoka begani hadi kwenye kucha. Nilicheka. Dereva mstaafu anayekaa karibu nami akacheka zaidi. Mwalimu akangoja tumalize, akasema, "Maumivu yenu ni ya kweli, hayako kichwani. Kichwa kinaamua kama mtayabeba hayo tu au mtayabeba pamoja na hofu."

Nikajaribu. Maumivu yalibaki palepale, ila mabega yalishuka. Nilikuwa sijui kama yamepanda. Miezi yote hiyo nilikuwa nayabeba maumivu kwa shingo, meno na tumbo, mwili mzima unasaidia kazi ya vidole viwili.

Hayo tu.

Wifi yako,
Mama Waya (ndivyo wanavyoniita mtaani siku hizi)


11 Aprili

Mama Waya, wifi yangu,

Salamu. Mama hajambo, nami hali si mbaya. Mvua imetupitia, paa limevuja mahali palepale pa mwaka jana.

Nitakuambia jambo na usicheke. Nimejaribu ile hesabu ya nne na sita. Nilikuwa nimekaa sebuleni na mama, nikafumba macho. Nilipofika mara ya tano mama akaniuliza kama nimepata pumu. Nikamweleza, kwa sauti kubwa, kwamba ni mazoezi ya kutuliza mwili. Akasema basi afanye naye. Alifika mara ya tatu akalala, mdomo wazi, mpaka saa ya chakula.

Mimi sikulala. Niligundua kwamba kutwa nzima huwa nimeuma meno. Daktari wa meno aliwahi kuniambia magego yangu yamesagika kama ya mtu anayetafuna kokoto, nikadhani ananitafutia matibabu nisiyoyahitaji. Sasa nimejikamata. Nikigonga mhuri nimeuma meno. Nikisikia mlango wa mwalimu mkuu unafunguliwa, nimeuma meno. Hata nikiandika barua hii nimesimama mara mbili kuyaachanisha.

Kwa nini kuvuta ni nne na kutoa ni sita? Muulize mwalimu wako. Karani hapendi hesabu zisizolingana pande mbili.

Unaweza kujiuliza kwa nini sikupigii simu. Kwa simu tutagombana. Kwenye barua mtu hupata muda wa kufuta.

Wifi yako,
Karani


2 Mei

Wifi Karani,

Hujambo na nyumba nzima? Mwambie mama akilala tena namna hiyo amfundishe na mwalimu wetu, maana dereva mstaafu bado anakodoa macho.

Nimemuuliza. Anasema ukitoa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo yanapungua na mwili unaelewa kwamba hakuna anayeufukuza. Basi, nimekujibia.

Mimi naendelea vizuri, vizuri hasa. Asubuhi kukakamaa kulikuwa kunadumu saa moja na nusu, sasa ni nusu saa. Nikiamka naloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto, napumua, nafungua na kufunga vidole taratibu, silazimishi. Karakanani nimeweka saa ya kengele: dakika ishirini kazi, tano kupumzika, hata kama nimebakiza mzunguko mmoja. Zamani nilikuwa nafanya kazi mpaka mikono ikatae, kisha nalala siku mbili. Wateja wanataniana kwamba kwangu kuna kengele kama shuleni kwako. Wiki iliyopita nimemaliza mota ya mashine ya kusaga nafaka kwa siku nne. Januari ingenichukua kumi na mbili.

Kuna jambo limenikaa. Mwalimu ametufundisha kutazama ni wapi mwilini kitu kimejificha, na hiki kimejificha kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ule nilioandikia barua ya kwanza. Nilikuambia barua ile iliponyoka. Haikuponyoka. Niliikunja mimi, nikaitia kwenye bahasha mimi, nikasimama posta nikiwa na akili zangu. Nilitaka uisome. Nilikuwa nimechoka kukugombeza peke yangu.

Sasa umejua.

Daktari anasema niendelee na vidonge vya Jumatatu na vipimo vya damu. Kwa nilivyo sasa, tutaona.

Wifi yako,
Mama Waya


24 Mei

Wifi,

Salamu nyingi. Huku wazima.

Kuhusu bahasha, nilijua. Mikono isiyotofautisha karatasi haikunji barua mara tatu kwa mistari iliyonyooka vile. Nilikuwa nangoja useme. Ahsante kwa kusema.

Lakini nina swali, na nataka jibu lililonyooka. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu pumzi, beseni la maji na saa ya kengele. Vidonge umeviandikia neno moja, "tutaona." Mimi neno hilo nalijua. Mwalimu mkuu hulitumia kwa wazazi kila siku. Ni "hapana" iliyovaa shati safi. Je, unavimeza?

Naona furaha yako na sitaki kuitia mchanga. Ila vidonge ulipewa na mtu aliyeipima damu yako. Pumzi haina macho ya kuona damu.

Nijibu.

Wifi yako,
Karani


30 Julai

Wifi,

Natumai hujambo.

Miezi miwili imepita. Mwanzoni nilisema kazi zimekubana. Kisha nikasema swali langu limekuudhi, na nikaudhika kwamba umeudhika. Nilianza kukuandikia barua ya pili yenye maneno makali, nikaichana, kwa hiyo mafunzo yako yananifaa.

Sasa sijaudhika tena. Nina wasiwasi. Namba yako niliifuta siku ya maziko, na leo nimeitafuta kwa jamaa watatu, kila mmoja ana namba tofauti na hakuna inayopatikana. Kama uko vizuri na hutaki kuniandikia, tia karatasi tupu kwenye bahasha uitume. Nitaelewa.

Mama anauliza kwa nini posta siku hizi haileti kitu. Nimemwambia ni wewe tunayekungoja. Alikuwa hajui tunaandikiana, sasa anajua.

Wifi yako,
Karani


19 Agosti

Kwa wifi Karani,

Salamu. Anayesema ni mimi, lakini anayeandika ni mwenzangu wa Jumatano, mama muuza mikate. Usishangae mwandiko kuwa mzuri.

Jibu la swali lako ni hapana. Nilikuwa sivimezi. Niliacha katikati ya Mei, kabla barua yako haijafika. Vilikuwa vinanitapisha na nilijiona nimepona. Nilisema kama pumzi imenipa nusu saa, nikizidisha pumzi itanipa yote. Kwa hiyo nikawa napumua asubuhi, mchana na jioni, na vidonge viko kabatini. Barua yako ilipofika niliona aibu, nikaiweka kando niijibu nikiwa na habari nzuri. Habari nzuri haikuja.

Juni nzima ilikuwa inanirudia kidogokidogo, nami najidanganya. Siku moja ya Julai nilifika karakanani nikashindwa kuzungusha ufunguo kwenye kufuli. Nikashika kwa mikono miwili, ikashindikana. Nikakaa kwenye ngazi. Nilipotaka kuinuka, magoti nayo yakakataa. Fundi wa jirani, yule aliyekata pete, ndiye aliyeniinua akanileta hapa hospitali. Simu ilizima siku hiyo na sikuwa na mkono wa kuichaji.

Nimelazwa wiki tatu. Daktari hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Mwalimu alikuja na kiti chake cha plastiki, akakaa karibu na kitanda, akaongea kwa sauti ya kawaida, mara ya kwanza nikamsikia hivyo. Akasema, "Nilikufundisha kupumua. Sikukufundisha kuacha dawa. Hivi viwili havina ugomvi. Umevigombanisha wewe."

Nimerudishiwa vidonge, pamoja na kingine cha kupunguza kichefuchefu. Kumbe kilikuwepo siku zote, ningesema tu. Walipokuja kunitoa maji gotini kwa sindano ndefu nilihesabu nne na sita mpaka wakamaliza, na nesi akaniuliza nimejifunza wapi. Kwa hiyo pumzi inafanya kazi. Inafanya kazi yake.

Vidole viwili vya mkono wa kulia havitanyooka tena sawasawa. Mota ndogo za feni sitazisuka tena.

Mwandishi anakusalimu. Anasema yeye vidonge vyake anavimeza.

Wifi yako,
Mama Waya


1 Septemba

Wifi yangu,

Salamu, na pole sana, pole ya kweli. Mshukuru mama wa mikate kwa niaba yangu.

Nimekaa sebuleni, nimeweka saa mbele yangu, dakika kumi na tano, kalamu isisimame. Nikisimama sitaandika tena.

Mota aliyokuwa anaisuka Jumapili ile aliyokufa ilikuwa yangu.

Pampu ya kisima hapa nyumbani iliungua Jumatano ya wiki ile. Nikaitoa mota yake, nikamtumia kaka kwa basi. Ijumaa nikampigia. Jumamosi nikampigia mara mbili. Alisema amechoka, kifua kinambana, ataishika wiki ijayo. Nikamwambia, "Mama anachota maji kwa ndoo, na wewe ndiye fundi wa watu wote." Akasema ataimaliza Jumapili, ila nisikuambie wewe kwa kuwa umemkataza kufanya kazi siku hiyo.

Alinitajia kifua, wifi. Nilisikia.

Jumatatu nikapigiwa simu kwamba amekutwa amekufa karakanani. Safari nzima ya basi nilikuwa nayasikia maneno yangu. Nilipofika mlangoni na kukuona umekaa chini nilijua mmoja wetu lazima abebe, na mdomo wangu ukakuchagua wewe. Hayakuwa maneno niliyoyapanga. Yalikuwa maneno ya mtu anayekimbia.

Wiki mbili baadaye mota ya pampu ikaja kwa basi, inafanya kazi. Nikasema kumbe aliimaliza kabla ya kufa. Kila siku nachota maji yake. Mama anayanywa.

Dakika zimebaki lakini maneno yamekwisha.

Wifi yako


29 Septemba

Wifi Karani,

Hujambo? Mimi niko nyumbani tangu wiki ya kwanza ya mwezi. Barua hii naandika mwenyewe, kidogokidogo, leo ni siku ya nne. Kalamu nimeizungushia kitambaa ili inenepe, hainiumizi sana.

Nilijua.

Mota ilikuwa mezani alipokutwa. Ilikuwa na kikaratasi kimefungwa kwa uzi, mwandiko wako, ule wa karani, hata herufi hazigusani: jina la mtaa wenu na neno "haraka" limepigiwa mistari miwili. Sikumwonyesha mtu. Siku ya tisa baada ya maziko, watu walipokwisha kuondoka, nilifungua karakana nikaikuta vilevile. Alikuwa amesuka zaidi ya nusu. Nilihesabu mizunguko aliyoacha, nikashika waya palepale aliposhikia yeye, nikaendelea. Kisha nikapaka vanishi, nikaikausha, nikaipima, nikaitia kwenye basi. Kwa hiyo maji mnayokunywa ni ya mikono ya watu wawili, wake na wangu.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nitakuambia. Daktari aliyemtazama alinieleza kwamba moyo wake ulikuwa umeharibika siku nyingi, na alikuwa ameambiwa, akatuficha wote. Angeweza kuondoka akiwa kitandani, akiwa kwenye basi, akicheka. Ukweli huo nilikuwa nao mkononi. Lakini ningeutoa siku ile, watu wangeuliza alikuwa akimsukia nani mota Jumapili, na kikaratasi kingetoka pamoja nao, na mama yako angebaki na mtoto mmoja asiyeweza kumtazama. Nikaona nibebe mimi, nina mgongo. Baadaye uzito ukazidi, na hata katika barua ya kuchanwa sikuweza kuiandika mota.

Mota haikuniumiza. Kilichoniumiza ni wewe kujua ni yako na bado ukasimama mlangoni kunishtaki.

Umesema, nami nimesikia. Nimekusamehe, ingawa si kila siku. Siku nyingine naamka nimekusamehe nikifika saa tano nimekasirika upya. Mwalimu anasema hilo nalo nilipumulie.

Na usidhani vidole vimenyooka kwa kusoma barua yako. Niliisoma, nikalia, nikalala vizuri usiku huo, na asubuhi mikono ikakataa dakika arobaini kama kawaida. Huu ugonjwa hausomi barua. Ila shingo imelegea, na kulala ni dawa ndogo juu ya dawa kubwa. Jumatatu nameza.

Karakana sijaifunga. Fundi wa jirani amevunja ukuta wa mbao uliotutenganisha. Yeye anasuka, mimi napima, nasikiliza mota inalalamika wapi, nahesabu mizunguko na kuandika. Anasema nina masikio kuliko mita yake. Kengele ya dakika ishirini anaichukia lakini anaifuata, maana mgongo wake nao umeanza kumshukuru.

Jambo la mwisho. Sikuagizi kufanya chochote. Lakini mara nyingi nikifumba macho nikaupitia mwili, nikifika kifuani namwona mama alivyoinamisha kichwa siku ile. Mpaka leo anaamini ni mimi.

Wifi yako,
Mama Waya


17 Novemba

Wifi yangu mpenzi,

Salamu kutoka kwangu na kwa mama. Nimenyamaza wiki saba. Wiki sita kati ya hizo nilikuwa natafuta siku nzuri ya kusema, na siku nzuri haikupatikana, nikasema siku mbaya, tunachambua mchele.

Nilimwambia yote: simu za Jumamosi, kifua, moyo ambao kaka alituficha, maneno yangu ya mlangoni, kikaratasi, na aliyeimaliza mota. Ilibidi niseme kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yake, hata jirani nadhani amesikia. Mama akaweka chini ungo. Siku mbili hakula na mimi. Alikula, lakini baada yangu, chumbani kwake. Nilikaa sebuleni nikihesabu nne na sita, meno yameumana, nikiyaachanisha yanarudi. Haikunisaidia kujisikia vizuri. Ilinisaidia kutokimbilia kwa jirani na kutoanza kujitetea.

Siku ya tatu akaja akakaa kwenye kiti chake. Akasema, "Nilizaa wawili, na wote wawili walinificha. Huyu mtoto wa watu ndiye aliyenitunzia wewe." Kisha akaniagiza nimtolee viatu vya safari nivipanguse.

Nimemwambia ni saa sita kwenye basi na ana miaka sabini na tisa. Akaniuliza kama mgonjwa ni yeye au wewe. Anasema anakuja kukuomba radhi kwa mdomo wake, kwa vile siku ile aliinamisha kichwa akanyamaza. Ruhusa ya wiki moja nimeipata. Tutafika Alhamisi tarehe nne Desemba, kwa basi la asubuhi. Usihangaike kupika, nitapika mimi, na vyombo nitaosha mimi.

Ameniagiza nikuulize neno moja, na ameniuliza mara mbili kama nimeliandika. Anasema akifika atataka kukushika mkono, na hataki kukuumiza. Akushike wapi?

Wifi yako,
Karani


25 Novemba

Wifi,

Salamu kwa mama, na karibuni sana. Nitamtuma fundi wa jirani awapokee kituoni, ana kofia ya kijani na mdomo mrefu.

Mwambie mama basi hilo linafika saa saba na nusu, na kufikia saa hiyo vidole vyangu huwa vimekwisha amka. Anishike mkono wa kushoto, kiganja chote, asibane. Nikiona unauma nitamwambia.

Wifi yako,
Mama Waya